Shajara ya Mradi: Kujiandaa kwa Mtihani wa Udereva wa Gari la Gia za Mkono mjini Sheffield

Januari: Lengo na sababu zake

Mwezi huu nimetimiza mwaka tangu nihamie Sheffield, na kwa sababu hiyo leseni yangu ya Tanzania haiwezi tena kutumika hapa. Sheria ya Uingereza humruhusu mkaazi mpya aliyetoka Tanzania, Kenya au Uganda kuendesha gari kwa leseni ya kwao kwa miezi 12 tu. Muda huo ukiisha, yeye hawezi kubadilishiwa leseni kama anavyobadilishiwa mtu aliyepata yake Afrika Kusini, Zimbabwe au Japani. Ni lazima aombe leseni ya kujifunzia, afanye mtihani wa nadharia, kisha afanye wa vitendo, sawasawa na kijana wa miaka 17 ambaye hajawahi kushika usukani.

Uamuzi wa kwanza wa mradi huu ulikuwa aina ya gari. Dar es Salaam niliendesha gari la otomatiki kutoka Japani, kama waendeshavyo wenye magari madogo wengi pale, na njia rahisi ingekuwa kufanya mtihani kwa gari la namna hiyo hiyo. Lakini hapa mtu akifaulu kwa otomatiki leseni yake huwekewa msimbo 78, unaomzuia kuendesha gari lenye klachi, ilhali aliyefaulu kwa gari la gia za mkono huendesha aina zote mbili. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, na magari ya ofisi yetu yana gia za mkono. Isitoshe, natarajia kurudi nyumbani siku moja, na huko malori, Land Cruiser za zamani na Hiace nyingi zinazobeba abiria bado zinaendeshwa kwa klachi. Nimechagua gia za mkono.

Lengo nimeliandika hivi: mguu wa kushoto na mkono wa kushoto vifike mahali pa kufanya kazi yake vyenyewe, ili macho yasitoke barabarani hata mara moja kwa ajili ya gia. Kila kitakachoandikwa katika shajara hii kitapimwa kwa kipimo hicho.

Februari: Leseni ya kujifunzia na mtihani wa nadharia

Leseni ya kujifunzia nimeiomba mtandaoni kwa pauni 34 na imefika kwa posta bila usumbufu. Masharti yake ni machache lakini hayana mlango wa nyuma: gari liwe na vibao vyenye herufi L mbele na nyuma, liwe na bima inayomtaja mwanafunzi, na pembeni yake akae mtu aliyetimiza umri wa miaka 21 ambaye amekuwa na leseni kamili kwa miaka 3 au zaidi, na leseni hiyo iwe ya aina ya gari linaloendeshwa. Mjomba wangu, ambaye aliendesha malori kati ya Tanga na Arusha kabla ya kuhamia Uingereza, ana sifa zote hizo na amekubali kukaa nami jioni za Jumapili. Siku nyingine nitakuwa na mwalimu wa udereva aliyesajiliwa, mwenye gari lenye breki na klachi za ziada upande wake.

Mtihani wa nadharia una sehemu mbili. Ya kwanza ni maswali 50 ya kuchagua jibu, kwa dakika 57, na mtahiniwa hana budi kupata angalau 43. Ya pili huonyesha video fupi 14 za barabarani, na mtahiniwa hubonyeza kitufe mara tu anapoona hatari ikianza kuumbika: mtoto anayekaribia ukingo wa barabara, gari lililoegeshwa ambalo taa zake zimewaka ghafla, mwendesha baiskeli anayegeuza shingo kutazama nyuma. Alama ni 75, na za kufaulia ni 44. Anayebonyeza ovyo kwa matumaini ya kubahatisha hupewa sifuri kwa video hiyo. Tangu mwaka 2014 mtihani huu haufanywi kwa lugha nyingine ila Kiingereza na Kiwelshi, na hairuhusiwi kuwa na mkalimani, kwa hiyo Mswahili aliyefika karibuni anapaswa kutenga muda wa kujifunza msamiati wa barabarani kabla ya kulipa ada ya pauni 23.

Naiona sehemu ya video kuwa ndiyo bora zaidi katika mfumo wote wa hapa, na ningependa kuiona ikitumika nyumbani. Humlazimisha mtu kuitazama barabara kama mahali ambapo jambo linakaribia kutokea, wala haimwachi asubiri mpaka litokee. Nimefaulu sehemu zote mbili. Cheti hudumu miaka 2, na nimekitumia siku hiyo hiyo kuomba tarehe ya vitendo, kwa maana foleni ya kusubiri ni ya miezi kadhaa.

Machi: Klachi

Mwezi huu wote ni wa klachi, na wala sioni kwamba umekuwa mrefu mno.

Mwalimu alianza kwa kueleza kinachotokea chini ya sakafu, na maelezo yake yalinisaidia kuliko amri yoyote. Injini ikishawaka haisimami kuzunguka, lakini magurudumu ya gari lililosimama hayazunguki. Kati ya viwili hivi kuna sahani yenye uso wa kukwaruza, ambayo hubanwa na springi dhidi ya gurudumu zito la injini. Ukikanyaga klachi, sahani inaachana na injini. Ukiinua mguu, inabanwa tena taratibu, ikiteleza kwanza kabla ya kushika kabisa. Ufundi wote wa kuondoa gari umo ndani ya sentimita chache za mwendo wa mguu, pale ambapo sahani haijaacha wala haijashika. Anayeinua mguu haraka anailazimisha injini kuburuta uzito wa gari lote kwa ghafla, nayo inazima. Anayekaa muda mrefu katikati anaichoma sahani, na harufu yake huijua kila aliyewahi kupanda basi bovu mlimani.

Mazoezi ya mwanzo yalifanyika katika uwanja tambarare bila kukanyaga mafuta hata kidogo. Gari la mwalimu ni la dizeli, na dizeli ina nguvu ya kutosha hata injini ikizunguka polepole, kwa hiyo lilitambaa kwa klachi peke yake. Gari la Mjomba ni la petroli na la zamani, nalo linahitaji mafuta kidogo kabla klachi haijashika. Mwanzoni tofauti hii ilionekana kuwa kikwazo. Baada ya majuma machache naona imekuwa faida, kwa kuwa mguu uliozoea gari moja tu hukariri mahali pa pedali, ilhali mguu uliozoea magari mawili hujifunza kusikiliza. Mjomba hupenda kusema, "Mjomba, sikiliza injini, itakwambia," na kweli sauti hushuka kidogo klachi inaposhika, na pua ya gari huinuka kwa kiasi kinachohisiwa kitini.

Jambo moja limeniondolea hofu: kuzimika kwa gari katika mtihani hakumwangushi mtu palepale. Mtahini hutazama mtahiniwa anafanya nini baada ya hapo, yaani kama anafunga breki, anarudisha gia mahali pake, anawasha na kutazama pande zote kabla ya kuondoka. Kosa huwa kubwa likirudiwa mara nyingi au likitokea mahali linapohatarisha wengine, kwa mfano katikati ya makutano.

Aprili: Milima

Sheffield husemwa kuwa imejengwa juu ya vilima saba, na mwenye klachi huvihisi vyote. Kuna mtaa uitwao Jenkin Road, ambao mbio za baiskeli za Tour de France ziliupitia mwaka 2014, na sababu ya kuchaguliwa kwake inaeleweka mara tu unapousimamia chini ukautazama. Hatukuanzia huko. Tulianzia kwenye miinuko ya kawaida ya Walkley na Crookes, ambako nyumba zimeshikana, magari yameegeshwa pande zote mbili, na njia iliyobaki inatosha gari moja.

Utaratibu wa kuondoka kwenye mwinuko ni huu. Gari linashikwa kwa breki ya mkono. Gia ya kwanza inaingizwa. Mafuta yanakanyagwa zaidi kuliko kwenye tambarare. Klachi inainuliwa mpaka sauti ishuke na pua iinuke. Mguu wa kushoto unatulia hapo hapo. Macho yanapita kwenye vioo na juu ya bega la kulia. Ndipo breki ya mkono inaachiwa. Kikitulia kile kituo cha klachi, gari haliwezi kurudi nyuma hata sentimita moja. Gari la mwalimu lina mtambo unaoshikilia breki kwa sekunde chache mlimani, na mtihani unaruhusu kuutumia, lakini gari la Mjomba halina, nami nimeomba mazoezi yote ya milima yafanyike kwa hilo la Mjomba. Magari ya ofisi ni ya umri tofauti tofauti, na sitaki ujuzi wangu utegemee kifaa.

Mitaa hii myembamba imenifundisha kitu ambacho gari la otomatiki halikunilazimisha kukifikiria. Ukiona gari likija kutoka juu, ni lazima uamue mapema: nisimame kwenye upenyo huu, au nina nafasi ya kufika ule wa mbele? Uamuzi ukichelewa, utajikuta umesimama kwenye mwinuko katikati ya magari yaliyoegeshwa, na gia bado ni ya tatu. Uamuzi ukiwahi, unapunguza mwendo kwa breki, unaingiza gia ya pili, na mara nyingi mwenzako anapita bila ninyi wawili kusimama. Gia hufuata macho, na kwa hiyo aliyechelewa kuona hawezi kuokolewa na wepesi wa mkono wake.

Hapa pia ipo tofauti ya desturi ambayo Mswahili anapaswa kuiweka akilini. Kwetu, dereva anayekuwashia taa kutoka mbele mara nyingi anakuarifu kwamba kuna trafiki, na pengine anakwambia pita. Kanuni za barabara za Uingereza zinasema kuwasha taa maana yake ni kujulisha tu kwamba upo, na hakumpi mwingine ruhusa yoyote. Madereva wa Sheffield nao huziwasha kwa maana ya "pita", lakini katika mtihani anayeondoka kwa sababu ya taa peke yake, bila kuhakikisha kwa macho yake mwenyewe, amekosea. Honi nayo haitumiki kwa salamu wala kwa kuhimiza, na katika maeneo ya makazi imekatazwa kati ya saa 5:30 usiku na saa 1:00 asubuhi.

Mei: Kushuka, na suala la gia huru

Aliyepanda lazima ashuke, na kuhusu kushuka mafunzo ya Mjomba na ya mwalimu yalitofautiana. Malori ya zamani aliyoyaendesha Mjomba yalihitaji kukanyagwa klachi mara mbili kwa kila gia, na kila gia ilishushwa kwa zamu, ya nne, ya tatu, ya pili, kwa kuwa breki peke yake hazikutosha kuzuia mzigo. Gari dogo la leo lina breki zenye nguvu, na giaboksi yake husawazisha mwendo wa meno yenyewe. Mwalimu anafundisha kwamba breki hupunguza mwendo, kisha gia inayofaa mwendo huo inaingizwa moja kwa moja, hata kama ni kutoka ya tano hadi ya pili. Mkono hubaki kwenye usukani muda mrefu zaidi, na ndiyo sababu nimeufuata utaratibu huo. Mjomba amekubali, ila amesisitiza kwamba kwenye mteremko mrefu gia ya chini iingizwe kabla ya kuanza kushuka, na katika hili wote wawili wanasema neno moja.

Lililonishughulisha zaidi ni tabia ya kuweka gia frii mteremkoni ili kuokoa mafuta, ambayo nimeiona kwa madereva wengi nyumbani, hata wa mabasi. Katika mtihani ni kosa, na sababu yake ni ya kweli: gari lililoachana na injini yake limebaki na breki tu, na breki zilizotumika mteremko mzima hupata moto na kupoteza nguvu. Wala mafuta hayaokolewi. Injini za kisasa zinazopulizia mafuta kwa umeme hukata mafuta kabisa gari linaposhuka ndani ya gia bila kukanyagwa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Gia ikiwa frii, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime. Natamani jambo hili lielezwe kwa kila anayejifunza udereva nchini kwetu, kuanzia wale watakaoshuka Kitonga au Sekenke na abiria nyuma yao. Kukanyaga klachi mapema mno wakati wa kusimama ni kosa la jamii hiyo hiyo, lakini dogo: breki kwanza, klachi karibu na mwisho.

Juni: Vioo, viplefti na tramu

Mwezi huu macho yameanza kuwa huru, na kazi yake imeonekana kuwa kubwa kuliko nilivyodhani.

Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto kama Uingereza, kwa hiyo kiplefti hakinitishi; anayetoka kulia hupewa nafasi huku kama kule. Ndugu zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi, waliozoea upande wa kulia, wana kazi ya ziada hapa. Kinachotofautiana ni nidhamu ya njia na ishara. Kwenye kiplefti kikubwa cha Park Square, katikati ya mji, njia ya kutokea huchaguliwa kabla ya kuingia, na indiketa ya kushoto huwashwa baada tu ya kupita mlango unaotangulia ule unaoutaka. Vipo pia viplefti vidogo ambavyo ni duara jeupe tu lililochorwa barabarani, na hivyo hutaka gia ya pili, jicho la kulia na uamuzi wa haraka.

Tramu ni somo jipya. Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi yana njia yake peke yake. Hapa, katika Hillsborough kwa mfano, tramu hupita katika barabara ile ile ya magari, na reli zilizolowa mvua huteleza chini ya tairi. Tramu haiwezi kukukwepa na husimama kwa umbali mrefu, kwa hiyo hupewa nafasi bila mjadala, na kona haikatwi mbele yake.

Kuhusu waenda kwa miguu, kanuni zilibadilishwa Januari 2022. Sasa dereva anayegeuka kuingia barabara ya pembeni anapaswa kumpisha mtu anayeivuka au anayesubiri kuivuka, hata pasipo na pundamilia. Kwa gari la klachi maana yake ni kwamba kila kona iingiwe kwa gia ya pili na kwa mwendo unaoruhusu kusimama. Mwendesha baiskeli hupitwa kwa nafasi ya mita 1.5 au zaidi, mwendo ukiwa hadi maili 30 kwa saa.

Julai: Nje ya mji, na kurudi nyuma

Magharibi ya Sheffield barabara hupanda hadi Peak District, na huko mwendo wa juu kabisa ni maili 60 kwa saa, karibu kilomita 97, kwenye barabara ya njia moja kila upande yenye kuta za mawe na kondoo. Kiwango hicho ni mpaka tu, na kukifikia si lazima. Kwa mwendo huo gari huhitaji mita 73 kusimama, ilhali kwa maili 30 huhitaji 23. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali umezidi zaidi ya mara tatu.

Kurudi nyuma hufanywa kwa klachi ikiwa nusu, polepole kuliko mtu anavyotembea. Mtahini huchagua zoezi moja kati ya kuegesha nyuma ya gari jingine, kuingia au kutoka katika nafasi iliyochorwa, na kusimama upande wa kulia kisha kurudi nyuma kiasi cha urefu wa magari mawili. Kurekebisha mstari kunaruhusiwa. Kutotazama kote hakuruhusiwi.

Agosti: Mtihani

Ada ni pauni 62 kwa siku za kazi, na anayetaka kubadilisha tarehe bila kuipoteza hutoa taarifa siku 10 kamili za kazi kabla. Nilifanyia kituo cha Handsworth, asubuhi, mvua ikinyesha.

Kwanza nilisoma namba ya gari kwa umbali wa mita 20. Kisha nikaulizwa jinsi ya kukagua kiwango cha oili ya injini, na baadaye, tukiwa mwendoni, nikaombwa kuonyesha jinsi ya kuosha kioo cha mbele. Muda wote ni kama dakika 40, na katika 20 kati ya hizo nilifuata kifaa cha kuelekeza njia bila kuambiwa pa kwenda. Kukosea njia si kosa la udereva, mradi mtu akosee kwa usalama. Mtahiniwa huruhusiwa makosa madogo yasiyozidi 15. Kosa moja kubwa au la hatari humwangusha.

Kwenye mwinuko mmoja mtahini aliniomba nisimame nyuma ya gari lililoegeshwa kisha niondoke, na klachi ilishika bila mimi kuifikiria. Macho yalikuwa kwenye baiskeli iliyokuwa ikipanda nyuma yetu, nami nikaisubiri ipite. Nikiulizwa mradi ulikamilika wapi, nitataja hapo, kabla hata ya kuambiwa kituoni kwamba nimefaulu.

Leseni mpya haina msimbo 78. Kwa miaka 2 ya mwanzo nikifikisha pointi 6 za makosa itafutwa na nitarudi kwenye vibao vya L, kwa hiyo ratiba ya mazoezi haijafungwa. Barabara kuu za mwendo kasi hazimo katika mtihani, na M1 inapita ubavuni mwa mji huu. Nimeshapanga somo moja la ziada na mwalimu kwenda Leeds na kurudi, kabla ya kupangiwa zamu ya asubuhi kwa gari la ofisi.